Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kupeleka makopo na skrepa kwenye mizani

Wakuu, nipo Moshi, Pasua. Miezi mitatu nimekusanya chupa za maji kwenye viroba nyuma ya jiko, mama watoto akinung'unika kwamba nimegeuza nyumba dampo. Juzi nikapakia viroba viwili kwenye bodaboda kwenda kuuza kwenye mizani ya wanunuzi wa skrepa, kichwani nimeshapiga hesabu ya nyama.

Kijana wa mizani hata hakupima. Akamwaga vyote chini. "Kaka, zenye maji ndani hatuchukui. Na vifuniko toa, hiyo plastiki nyingine." Nikaona ananizungusha. Akanigeuzia chupa kitakoni: namba 1 ndani ya pembetatu. Halafu akatupia kifuniko kwenye ndoo ya maji, kikaelea. Kipande cha chupa kikazama. Basi nikakaa juu ya tairi bovu saa nzima nafungua vifuniko, vidole vinanata. Jumla: kilo nne na nusu! Bodaboda ikala karibu yote.

Siku hizi kila chupa naikanyaga kwanza ndipo iingie kirobani. Ninyi mlikutana na nini?

Mdau wa Unga Limited, Arusha: Afadhali wewe. Mimi nilibeba betri ya gari ndani ya salfeti, imelala ubavu. Maji ya betri yakavuja, nimefika suruali ina matundu na paja linawasha. Isimame wima, jamani. Na fundi akikwambia umwage mtaroni kwanza ili iwe nyepesi, mkatalie.

Mdau wa Kiboriloni: Chupa za soda za kioo rudisheni dukani na kreti yake. Nilipeleka kumi na mbili, hawakuzitaka. Nimerudi nazo kwenye daladala zinagongana, abiria wananitazama kama mlevi.

Mdau wa Mbauda: Mimi ndiye ninayekaa kwenye mizani, niwaseme kidogo. Mnatia mchanga kwenye makopo ya soda. Kopo la alumini halina uzito, nikilishika tu nimeshajua. Mkibisha, naleta sumaku: ikinasa ni chuma, isiponasa tunaongea bei nyingine. Na kuna mama mpaka leo analeta mzigo kwenye mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019. Sijui anaitoa wapi.

Mleta mada: Mkuu wa mizani, vifuniko mnanunua? Ninavyo nusu ndoo.

Mdau wa Mbauda: Lete. Ila vioshe.