Tupeane uzoefu: kifaa chako cha kusomea vitabu kinafungua faili gani?

Msomaji wa Kisumu: Hamjambo wenzangu. Kikundi chetu cha usomaji hapa Milimani kimechanga pesa za kifaa cha kusomea, kile cha kioo kisichoumiza macho. Bei tunazijua. Faili zetu ni EPUB (aina ya faili ya vitabu vya kidijitali) na PDF, nyingine MOBI, aina ya zamani ya faili za vitabu. Mlio navyo, hali ikoje?

Dada wa Nakuru: Nina Kobo, moja ya vifaa hivyo vya kusomea. EPUB ninachomeka waya, nanakili, nasoma. MOBI pia inafungua. Nakuza herufi nitakavyo na mistari inajipanga upya, raha sana usiku.

Mwalimu, Kakamega: Natumia Kindle, kifaa cha kusomea cha Amazon, na naipenda. Ila jueni, EPUB ukiiweka kwa waya haifunguki. Unaituma kwa intaneti kupitia huduma ya Send to Kindle, iliyoanza kuipokea EPUB mwaka 2022, nayo inaigeuza. Huku kwetu bando ni la kuhesabu, kwa hivyo mimi hugeuza kwa programu ya Calibre kuwa AZW3, aina ya faili ya Kindle, kwenye kompyuta, kisha naingiza kwa waya. Calibre ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Kikundi chenye vitabu vingi kiwe nayo, hata mkinunua kifaa kingine.

Mama Bungoma: Mnapita PDF haraka, na ndiko kwenye kazi! Vifaa vyote viwili vinaifungua, lakini ukurasa wa PDF umeshapangwa. Ule wa A4 ukibanwa kwenye kioo cha inchi 6, herufi zinakuwa kama chawa. Ukikuza, unasukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Noti za mwanangu wa chuo zilikuwa zimepigwa skani, yaani ni picha tupu. Hata Calibre haiwezi kuzitoa maneno. Lazima zipitishwe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi. Kwenye Kobo tuliweka programu ya kusomea iitwayo KOReader, inakata pambizo na kupanga maneno upya. Kama PDF ndizo nyingi, tafuteni kioo cha inchi 10.

Kijana wa Maseno: Vitabu vingi vya kununua vina kufuli pia, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili. EPUB yenye kufuli ya Adobe inasomeka kwenye Kobo, kwenye Kindle hapana.

Msomaji wa Kisumu: Asanteni sana. Mama Bungoma, PDF zetu nusu ni za skani. Jumamosi tunazipanga upya kabla hatujagusa hizo pesa.