Naombeni ushauri: "kutwa mara 3" kwenye dawa ni mchana tu au na usiku unahesabika?

mama_wawili:
Habari za muda huu wapendwa. Mwanangu wa miaka minne kaandikiwa amoksilini ya maji sababu ya kifua, kwenye chupa wamemuandikia kwa kalamu 5ml kutwa mara 3, basi. Sasa bibi yake, mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, anasema kutwa ni jua kutwa, likishazama kutwa imeisha, kwahiyo anampa saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, hapo mpaka kesho tena. Mi nikipiga hesabu naona mtoto anakaa masaa 14 bila dawa. Mama namheshimu sana na Kiswahili anakijua kunizidi, siwezi kumbishia hivi hivi tu. Hili neno asili yake nini jamani, na dawa nimpe saa ngapi?

kasri_la_pwani:
Dada, kwenye neno lenyewe mama yuko sahihi kabisa. Kutwa ni kitenzi kile kile cha kuchwa, jua kuzama, ndo tukapata machweo. Tofauti ni lahaja tu, huku tunasema kichwa, wenzetu wa Mombasa na Lamu wanasema kitwa, sisi mchana wao mtana, ni mlango ule ule. Kwahiyo mchana kutwa maana yake mchana mpaka jua lizame, na mwenzake ni usiku kucha, yaani usiku mpaka kuche, ndo maana tunasema kumekucha. Wazee wakisema kutwa kucha wanataja vyote viwili, jua na giza, kwa sababu kutwa peke yake haikuwa na usiku ndani yake. Mpe mama haki yake hapo.

mwl_kijiweni:
Naongezea, shule ya kutwa ni hivyo hivyo, mtoto anashinda huko jioni anarudi kwao, akilala huko ni bweni.

dozi_kamili:
Mimi nafanya kazi dirisha la dawa, hili swali tunakutana nalo sana na ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tukiandika kutwa tunamaanisha siku nzima ya masaa 24, hatumaanishi jua. Dawa kama hiyo inatakiwa iwepo mwilini muda wote ipambane na bakteria, ukizibananisha zote mchana usiku inapungua sana. Mgawanyo mzuri ni kila baada ya masaa 8, mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Na mpeni mpaka siku alizoandikiwa ziishe hata kama kifua kimeachia.

Na kutwa mara 2 ni kila baada ya masaa 12. Ila dawa mseto ya malaria, ile ALu, ina utaratibu wake, ya pili inafuata masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni, kila baada ya masaa 12, jumla dozi 6 kwa siku 3. Mtu akifuata jua pale anaharibu kabisa.

mama_wawili:
Nimewaelewa jamani asanteni sana. Sasa mama nimuanzeje? Na saa 4 usiku mtoto ameshalala fofofo.

kasri_la_pwani:
Usimwambie kakosea maana hajakosea. Mwambie mama, neno ni kama unavyosema, ila hawa wa hospitali wakiandika kutwa wanahesabu na usiku, ni kama siku tu, nayo ni ndugu wa usiku lakini leo ukisema siku tatu unahesabu mchana na usiku wake. Ataelewa, wazee wa pwani hayo mambo wanayapenda sana.

dozi_kamili:
Kulala kusikutie presha, mpe pale anapoenda kulala hata kama ni saa 3, nusu saa au saa moja mbele au nyuma haina shida, cha msingi zisibanane. Bandika karatasi kwenye chupa uandike zile saa tatu kwa herufi kubwa, hilo neno kutwa liache, anayempa aangalie saa. Ila kifua kikimbana, akipumua haraka haraka au homa isiposhuka ndani ya siku mbili tatu mrudishe hospitali, usingoje dozi iishe.

mama_wawili:
Sawa dokta, karatasi nabandika sasa hivi, ya saa 4 leo nampa mwenyewe.