Rais wa kuchaguliwa na wananchi au waziri mkuu wa bungeni: mfumo upi bora?

Mtoa mada: Wakuu, tujadili bila ushabiki. Mimi nasimama na mfumo wa bunge. Kiongozi akiboronga, anaondoka. Liz Truss mwaka 2022 alipunguza kodi bila kueleza pengo litazibwa na nini, masoko yakatikisika, hata miezi miwili hakumaliza. Marekani je? Andrew Johnson, Clinton, Trump mara mbili, wote walishtakiwa bungeni ili waondolewe madarakani, lakini Seneti haikumtia hatiani hata mmoja.

Kisu Kikali: Umechagua mfano unaokufaa. Italia tangu 1946 imepitia serikali zaidi ya 60. Ubelgiji ilikaa siku 541 baada ya uchaguzi wa 2010 wakivutana tu nani aunde serikali. Na hao Waingereza wako walibadilishiwa waziri mkuu mara mbili mwaka huohuo bila uchaguzi mkuu. Halafu usitufundishe demokrasia kwa nchi inayorithishana kiti cha ufalme kama shamba la babu.

Bi Nuru: Kaka, hayo mengine sina neno, ila hilo la shamba la babu silipitishi. Norway mwaka 1905 waliulizwa kwa kura kama wanamtaka mfalme, karibu wanne kati ya watano wakasema ndiyo. Australia 1999 walipewa nafasi ya kuwa jamhuri, wakakataa. Sasa tazama Syria, yenye rais na bunge: Hafez al-Assad alifariki Juni 2000, na siku hiyohiyo bunge likashusha umri wa kugombea urais kutoka miaka 40 hadi 34. Mwanawe Bashar alikuwa na miaka 34. Nani anarithishana?

Kisu Kikali: Dada, Syria ulikuwa udikteta, usiuchanganye na urais tunaoujadili. Mimi nachukia mtu kuzaliwa juu ya wenzake, basi.

Mtoa mada: Jamani, mada! Hilo la Italia lina dawa. Ujerumani huwezi kumng'oa kansela, yaani mkuu wa serikali, mpaka uwe umeshakubaliana nani anachukua nafasi yake. Ndivyo Kohl alivyomrithi Schmidt 1982. Wanaokubaliana kubomoa tu hawapati kitu.

Msomaji wa Katiba: Na Merkel akakaa miaka 16, kwa sababu kansela hana ukomo wa vipindi. Hilo mnalirukaje? Afrika Kusini nako rais anachaguliwa na bunge, lakini Mbeki 2008 na Zuma 2018 waliondoka baada ya chama chao kuwataka wajiuzulu. Hoja za kutokuwa na imani na Zuma zilipigiwa kura bungeni zikaanguka. Nguvu iko chamani. Tuulizane kwanza nani anamdhibiti mwenyekiti wa chama.

Mtoa mada: Merkel alishinda uchaguzi mara nne, mkuu. Usimfananishe na waliong'ang'ania.

Bi Nuru: Kisu, sijamaliza na wewe. Katiba ya Sweden ya 1974 ilimwondolea mfalme hata kazi ya kumteua waziri mkuu. Spika ndiye anayependekeza jina, bunge linapiga kura. Huyo yuko juu ya nani?

Kisu Kikali: Kama hana kazi hata hiyo, wananchi wanamlipia matumizi kwa lipi? Nijibu hilo moja tu.