Jamaa wa grosari ya kona kagonga kizibo kwa kiganja, chupa kairudisha kwenye friji!!!

Korosho Ghafi
Wakuu, simtaji. Aliyewahi kukatiza Chikongola hapa Mtwara jioni anamjua, na asiyemjua ameshawahi kukopwa chenji naye.

Bia inafunguliwa, hakuna "psss". Kimya. Gesi asilia yetu ya Mnazi Bay ilipita kwenye bomba ikaenda zake Dar, tukapiga kelele weee tukachoka. Sasa na ya kwenye chupa nayo imepelekwa? Ukimimina, povu linakufa kabla glasi haijatua mezani. Ukiinyanyua kwenye taa unaona vipande vyeupe vinaelea, ukiitikisa kidogo vinapanda. Harufu ni boksi lililolowa. Kizibo kwa ndani kina kutu imeuzunguka mpira wote.

Akaambiwa kistaarabu kabisa. Unajua alichofanya? Akaichukua chupa, akainusa, AKAOKOTA KIZIBO CHINI, akakipangusa kwenye kaptula, akakibandika, akakigonga kwa kiganja mara mbili, AKAIRUDISHA KWENYE FRIJI. Halafu anasema: "Mliozoea uraka, bia mnaijulia wapi?" (Uraka ni ile pombe yetu ya mabibo, tunda la mkorosho.)

Kizibo kina meno 21. Kiwandani mashine inakibana mara moja, meno yote yanashika shingo ya chupa na ule mpira wa ndani ndio unaoziba. Opena ikishakikunja hakizibi tena, hata ukigonge kwa nyundo ya gereji. Na yeye kapiga kiganja. Kiganja, wakuu!

Mbibo Mkavu
Kwa hiyo muda huu kuna mtu yuko pale anauziwa bia yenye ladha ya kaptula. Weka na bei tujue kama kaptula inalipiwa.

Feri ya Msangamkuu
Swali moja tu mkuu. Iligundulika imeharibika ikiwa imebaki kiasi gani? Maana kuna watu bia inawaharibikia ikifika robo ya mwisho.

Korosho Ghafi
Mafunda mawili! Na usinitoe kwenye mada. AKAKIPANGUSA KWENYE KAPTULA.

Fundi Baridi
Vipande vyeupe si uchafu wa kiwandani. Hiyo bia iliganda. Bia ya asilimia 5 inaanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na frizeri ya samaki ikiwa nzima inafika 18 chini ya sifuri. Maji yakiganda yanatanuka, yanakisukuma kizibo kwa chini, gesi inapenya taratibu. Kwa macho kizibo kipo palepale. Ikija kuyeyuka, protini zilizojitenga hazirudi zote, ndizo hizo zinazoelea.

Mchezo wenyewe unajulikana: jioni anazitupia kwenye frizeri ya changu zipate baridi haraka, anazisahau, usiku anazima umeme kuokoa luku, asubuhi anawasha. Chupa moja inapanda na kushuka joto wiki nzima.

Boksi lililolowa ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo, na joto ndilo linaloiharakisha. Stoo ya bati Mtwara mwezi wa 12, bia ambayo tarehe yake haijafika inaweza kuonja kama imepitwa. Kwa hiyo tarehe peke yake haikutoshi.

Kuchele Kweli
Mtwara kuchele, yaani kumekucha, friji lake bado linalala saa nne usiku 😂

Na zile kreti anazozipanga barazani upande wa jua mbona hamzisemi? Chupa ya kijani au isiyo na rangi, dakika chache za jua kali zinatosha, inanuka kicheche. Mwanga unavunja vile vitu vichungu vya hopsi, inatoka harufu ya salfa. Chupa ya kahawia inavumilia zaidi lakini si mpaka Pasaka. Na ikishanuka haiponi, hata uilaze kwenye barafu.

Fundi Baridi
Tena baridi ndiyo inayoficha. Ndiyo maana akikuona mgeni anakupa ile inayoumiza meno. Imimine kwenye glasi, iache ipungue baridi, kisha nusa.

Dada wa Mikindani
Kaka zangu, mambo haya yanamalizwa kabla opena haijagusa. Chupa ipangusiwe maji, inyanyuliwe kwenye mwanga: kama ina ukungu au vitu vinaelea, rudisha. Linganisha kimo cha bia na chupa nyingine ya aina hiyohiyo. Ikiwa chini, imevuja. Pitisha kidole chini ya ukingo wa kizibo, ukikuta kutu au ulimbo, rudisha. Lebo ikiwa imebanduka na tarehe imekwenda nayo, rudisha bila mjadala. Ikiwa bado haijafunguliwa, muuzaji naye ana pa kuanzia kwa wakala wake. Ikishafunguliwa wakala hamsikilizi, ndiyo maana anakuja juu.

Mbibo Mkavu
Dada, ukimaliza ukaguzi huo wote bia imeshapata moto.

Korosho Ghafi
Hata kama wakala hamsikilizi, ndiyo agonge kizibo? Mara MBILI? Ya kwanza haikutosha?

Mwana wa Newala
Ukitaka kumshika vizuri, usiache ushahidi pale. Beba chupa, kizibo na lebo yenye tarehe na namba ya toleo, piga picha vyote pamoja. Stempu ya TRA iskani kwa app ya Hakiki Stempu, ikikataa hapo ni kesi nyingine. Usalama wa chakula na vinywaji tangu 2019 ulitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuulizia ofisi ya zamani.

Na tusitishane. Bia iliyochacha yenyewe kwa kawaida haina vijidudu vya kukulaza hospitali. Pombe, uchachu na hopsi vinavizuia. Ni mbaya tu mdomoni. Iliyofunguliwa ikarudishiwa kizibo kilichookotwa chini ndiyo ya kuiogopa, hiyo imeshakunywa vumbi, mate na kaptula.

Feri ya Msangamkuu
Ushahidi uko kwenye friji lake, umegongwa kiganja.

Tandahimba Juu
Nyie mnalia na chupa moja, huku uraka wa asubuhi unauzwa jioni ya kesho kutwa. Maji ya mabibo yanachacha yenyewe bila kusukumwa, yakipitiliza ni siki. Kisha wanatia sukari kuficha! Hilo hamulifungulii uzi.

Mbibo Mkavu
Anayetia sukari kwenye uraka afukuzwe kusini yote, Lindi na Mtwara.

Kuchele Kweli
Na anayechanganya mabibo yaliyooza na mazima je? Ndiye anayewaharibia wote. Likishapasuka chini ya mti na kulala, linaingia ukungu. Okota asubuhi, kamua siku hiyohiyo.

Korosho Ghafi
Jamani, kizibo...

Dada wa Mikindani
Fundi Baridi, samahani, nje ya mada. Friji linanguruma mchana kutwa na mlango unatoa jasho. Gesi?

Fundi Baridi
Anza na mpira wa mlango. Weka noti katikati, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea sehemu hiyo. Zunguka mlango wote hivyohivyo. Upanguse kwa maji ya sabuni, kisha uloweshe maji ya moto uulainishe, funga mlango ujikalishe. Ukiwa umechanika ndio ununue. Na fundi akikimbilia kuongeza gesi kabla hajatafuta inapovujia, mfukuze, baada ya muda utamwita tena.

Tandahimba Juu
Mpira wa friji dogo la mlango mmoja unauzwaje Soko Kuu?

Fundi Baridi
Usiulize bei kabla ya vipimo. Pima urefu na upana kwenye mfereji unapochomekwa, si kwenye ukingo wa nje, na angalia kama ni wa kuchomeka au wa skrubu. Wengi wanarudi dukani kwa hilo.