Mashindano ya boti Matema yanakufa huku tunaona, naombeni ushauri wakuu

MwanaLufilyo:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko kwenye kamati ya mashindano ya boti za injini hapa Matema, wilaya ya Kyela, kwa wasiopajua ni kule mwisho kabisa wa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, chini ya milima ya Livingstone. Mbio zetu siyo za kuzunguka zunguka kwenye bwawa, boti zinatoka ufukweni zinaenda nje kwenye maji makuu, zinazunguka boya halafu zinarudi, sasa kama unalijua Nyasa unajua hiyo siyo kazi ya kitoto.

Zamani wavuvi walikuwa wanakuja kutoka Ikombe, Itungi, mpaka upande wa Ludewa kule Lupingu na Manda, mtu anakuja na boti yake ya kazi, nyavu kashusha jana yake, anakimbia anarudi nyumbani na story. Halafu akatokea tajiri mmoja na boti ya faiba ina mashine mbili kubwa nyuma, akachukua zawadi, mwaka uliofuata akachukua tena, na wavuvi wenye mashine za HP 15 na HP 40 (nguvu za farasi) wakawa wanafika yeye keshavua hadi jaketi okozi anakunywa soda. Taratibu watu wakaacha kujiandikisha. Siku hizi ufukweni wanaotazama wachache, wanaoshindana ndo usiseme.

Kwenye kamati kuna wanaosema dawa ni kuleta boti kubwa zaidi kutoka Dar ili tupate mvuto na sponsa, kiingilio kipandishwe na zawadi ya kwanza iwe nono. Mi roho inasita ila sina hoja ya kuwajibu. Sasa hivi tunakimbia wiki ya Nane Nane. Mwenye uzoefu amwage nondo, ndaga fijo (asanteni sana).

Kidagaa Kimenoga:
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila huyo tajiri wa soda nimemchukia bila kumjua 😂

Baharia Mstaafu:
Mkuu MwanaLufilyo, nimefanya kazi melini miaka mingi na hii michezo nimeifuatilia tangu nikiwa kijana, ngoja nikupe hoja ya kuwapelekea hao wenzako.

Mbio za boti za baharini unazoziona leo mtandaoni zilishika kasi mwaka 1956, Marekani, watu walipokimbia kutoka Miami kwenda Nassau kule Bahamas. Uingereza wakafuata 1961 na mbio za Cowes hadi Torquay, aliyezianzisha ni Max Aitken, wale wenye gazeti la Daily Express, na mshindi wa kwanza alikuwa Tommy Sopwith na boti yake Thunderbolt. Kipindi kile nyingi zilikuwa boti ambazo mtu anaweza kwenda nazo kuvua au kutembea na familia, ndo maana walijaa. Na mbio zilikuwa na faida, kwa mfano 1960 bahari ya Miami kwenda Nassau ilichafuka vibaya, ikashinda boti ya mbao ya futi 31 inaitwa Moppie, tumbo lake, yaani sehemu ya chini inayokaa majini, limechongwa V kali na mchoraji mmoja Ray Hunt. Boti zenye tumbo bapa zilikuwa zinapigwa na mawimbi kama ngoma, ile V inayapasua. Dick Bertram mwenye ile boti akaanza kuzitengeneza na kuuza kwa jina la Bertram 31, na leo hilo tumbo la V liko kwenye boti kibao duniani, pengine mpaka hiyo ya tajiri wenu.

Sasa angalia palipoharibika. Kila mtu alitaka kushinda, mashine zikakua, tumbo moja zikawa mbili, ikafika mahali daraja la juu boti inabeba mashine mbili za Lamborghini za silinda 12 kila moja, inapita kilomita 200 kwa saa, na inataka mafundi, lori, kreni. Mvuvi gani wa Cowes anaingia hapo? Wakabaki matajiri wachache na timu za mashehe wa Dubai. Boti zikawa kali kuliko wakati wowote na foleni ya kuanzia ikawa fupi. Kwa hiyo hao wanaotaka boti kubwa zaidi wanataka kukunywesha dozi ya pili ya sumu ileile.

Mzalendo Halisi:
Vijana hawana ajira, petroli imepanda, nyie mnajadili kuchoma mafuta ziwani. Tanzania bana.

Kidagaa Kimenoga:
Mzalendo kaka kila uzi uko hapo hapo na ajira, mpaka uzi wa ndizi za Tukuyu uliuliza ajira.

FundiMashine Kyela:
Baharia kasema kweli tupu, mi naongezea upande wa mashine maana ndo mkate wangu.

Cha kwanza gaweni madaraja kwa mashine. HP 15 wakimbie wenyewe, HP 25 wenyewe, HP 40 wenyewe, na hayo madude ya mashine mbili yawe na mbio zao za maonyesho mwisho wa siku, bila zawadi ya hela. Wenzetu wa P1 SuperStock, mashindano ya boti ya huko nje, walifanya kitu cha namna hiyo, boti zote zilikuwa za aina moja, Panther ya futi 28, mashine moja ya HP 250, hakuna cha mwenye hela anashinda kwa hela, alishinda anayejua maji. Na walikuwa wanakimbia karibu na ufukwe watu wanaona. Nyie hamuwezi kuwapa watu boti za aina moja lakini mashine ya aina moja inawezekana, huku karibu kila mtu ana ileile ya mipigo miwili.

Cha pili ukaguzi, maana watu wa Kyela nawajua hahaha. Mtu atakuja na kava imeandikwa 25 ndani kuna 40. Mafundi wawili wafungue kava mbele ya watu wote asubuhi, waangalie namba ya mashine, waangalie propela, basi. Mkiacha hapo pakavuja hata hayo madaraja hayana maana.

Cha tatu mafuta. HP 40 ya mipigo miwili ukiifungulia mpaka mwisho inakula lita 15 mpaka 20 kwa saa, na oili humo humo. Mvuvi anapiga hesabu, nichome mafuta ya kwenda kuvua ili nipate kombe? Haji. Ile hela ya zawadi nono ya mshindi wa kwanza ikatwe, kila anayevuka mstari wa mwisho ajaziwe mafuta aliyotumia. Hata wa mwisho. Mtaona watakavyofurika.

Halafu ushauri kwa vijana wanaokimbia, boti ikiruka wimbi punguza moto, yaani mafuta ya mashine, kabla propela haijatoka majini, ikitoka inazunguka hewani bila mzigo na ikigonga maji tena gia zote zinalia, nimefungua gia boksi nyingi sana kwa sababu hiyo moja. Wenzetu kwenye boti kubwa wana watu wawili, mmoja kashika usukani tu, mwingine kashika kidhibiti cha mafuta muda wote kazi yake kusoma mawimbi. Sisi mtu mmoja kashika mkono wa mashine anafanya yote, na bado anataka kupungia watu.

Mama Usipa:
Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, mnaongea mashine mashine hakuna aliyegusa tarehe.

Nane Nane nani yuko Matema? Nusu ya watu wamepanda Mbeya kwenye maonyesho pale viwanja vya John Mwakangale. Na mwezi wa nane ndo upepo wa kusini, lile ziwa lina urefu zaidi ya kilomita 500 na sisi tuko mwisho wake, mawimbi yote yanakuja kufia kwetu. Mtu mzima na akili zake na watoto nyumbani hawezi kupeleka HP 15 nje siku ile, mnasema hawataki kushindana, wanaogopa na wana haki.

Jingine. Wanaume wanaovua usipa, dagaa wa ziwa letu, wanafanya kazi giza, usiku kucha na taa. Mwezi ukiwa mkubwa usipa hawafuati taa, wanaume wanakaa nyumbani wanashona nyavu wanatusumbua. Nyie mwaka mmoja mliweka mbio katikati ya giza, mtu katoka ziwani alfajiri macho mekundu anauza samaki, hiyo mbio aende saa ngapi? Wekeni mwezi wa kumi au wa kumi na moja upepo umelala, Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi. Jumamosi ni soko la vyungu Lyulilo, kina mama wa Kikisi wanakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, watu wameshajaa wenyewe hamjalipa hata matangazo. Ila msije mkafunga ufukwe eti wageni rasmi wanakaa, tutagombana.

Kidagaa Kimenoga:
Mama Usipa kafunga uzi. Kamati nzima haikuangalia mwezi 😂😂

Mlandege Boy:
Niko Iringa, sijui boti lakini mbio za magari hapa kwetu tumekua nazo. Kinachojaza watu barabarani siyo gari la kwanza, ni kumjua dereva. Kijana wa mtaa wenu na kigari cha kawaida kinatoa moshi anapita, watu wanapiga kelele kuliko hata anayeongoza. Sasa ninyi boti zinaenda nje huko hazionekani nusu ya muda, mtazamaji anakaa kuangalia milima. Badala ya boya moja mbali wekeni maboya matatu, zikienda nje zirudi zipite karibu na ufukwe halafu zitoke tena mara kadhaa. Na mtu wa kipaza sauti anayezijua familia, aseme huyo ni mtoto wa fulani wa Ikombe, baba yake alikuwa nahodha wa fulani. Wekeni namba kubwa ubavuni pia, siyo zile karatasi zinaloa.

Nesi wa Ipinda:
Naomba kuuliza usalama maana mnapita haraka haraka. Mwaka jana nilikuwepo, sikuona boti ya uokoaji hata moja, na vijana wawili jaketi okozi wamekalia. Lile ziwa lina kina mpaka mita 700 na zaidi, siyo la kutania.

Baharia Mstaafu:
Nesi umenikumbusha. Kwa wenzetu walijifunza kwa vifo. Didier Pironi, yule Mfaransa aliyekuwa dereva wa Ferrari kwenye mbio za magari za Formula 1, alifariki 1987 karibu na kisiwa cha Wight, boti ilipiga mkondo wa mawimbi ya meli ya mafuta ikapinduka, yeye na wenzake wawili. 1990 akafa Stefano Casiraghi, mume wa Caroline binti mfalme wa Monaco, na alikuwa bingwa wa dunia. Miaka ile ndo boti kubwa zikaanza kufunikwa juu kwa kuba ngumu kama za ndege za kivita na rubani anafungwa mikanda.

Kwenu huko kuba haliwezekani wala halihitajiki. Ile kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au mguuni kwa kila nahodha, akianguka mashine inazima, asipoifunga haanzi, hata awe mtoto wa diwani. Boti iliyoachwa na mtu wake huku mashine inawaka inazunguka palepale na propela inamrudia aliyeanguka. Jaketi zivaliwe zifungwe. Boti mbili za uokoaji zikae majini muda wote na hazishindani. Na muwashirikishe TASAC, wakala wa serikali wa mambo ya meli, mapema, hao ndo wenye kazi ya usalama wa vyombo vidogo, msisubiri waje kuwazuia asubuhi ya mbio.

MwanaLufilyo:
Wakuu nashukuru sana, nimeprinti uzi mzima. Jana jioni kamati imekaa. La tarehe limepita bila ubishi, hata mwenyekiti alicheka Mama. Madaraja yamepita, mafundi wa ukaguzi wamekubali ila wanataka posho. Maboya matatu yamepita.

Tatizo ni sponsa. Mwenyekiti anasema bila boti kubwa hakuna kampuni itakayotoa hela, na hela ya kumrudishia kila mtu mafuta itoke wapi.

FundiMashine Kyela:
Mnawafuata watu wasio wenu. Mwenye duka la spea na oili pale Kyela mjini anamuuzia nani, tajiri wa soda au wavuvi wote wa ziwa hili? Huyo anatoa oili na plagi, mnampa bango kwenye boya la mwisho. Mwenye sheli anatoa petroli kwa bei ya kununulia. Hawa hawahitaji boti ya Dar, wanahitaji wateja wao wawepo, na wakiwa boti arobaini wanafurahi zaidi kuliko boti nne kubwa. Mimi mwenyewe natoa ufundi bure siku hiyo, ila wa siku hiyo tu, Jumatatu bei ni ileile.

Mama Usipa:
Na mbio za mitumbwi ya makasia ya wanawake mmeiweka wapi? Kule Mwanza kwenye yale mashindano ya mitumbwi ya bia ya Balimi wanawake walikuwa wanapiga makasia na zawadi wanapewa. Sisi wa Ikombe tunavuka na vyungu kila wiki, msituambie tukae kupika wali.

Kidagaa Kimenoga:
Mama mimi nakuja kukushangilia, nauli natafuta.

MwanaLufilyo:
Mama naipeleka kikao kijacho, itakuwa ya kwanza asubuhi kabla mashine hazijachafua maji. Fundi nakupigia jioni tuende wote kwa mwenye duka la spea, uende wewe ndo anakujua, mimi ananidai.