Hajala nyama miaka 40. Sasa ana demensia na anaiomba. Apewe?

Mleta mada: Wadau, tulijadili hili taratibu. Chukulia mama ambaye hajagusa nyama miaka 40. Hakukatazwa na daktari. Aliamini ni kosa kuua mnyama ili yeye ale. Sasa ana demensia, yaani ugonjwa unaofifisha kumbukumbu na akili, yuko kwenye makao ya wazee, na leo ameiona nyama kwenye sahani ya jirani akanyoosha mkono. Mhudumu afanyeje?

Mimi nasema asipewe. Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin alitetea mwaka 1993 kwamba maamuzi ya mtu akiwa na akili timamu yaendelee kuheshimiwa hata akishayasahau. Sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales kuhusu watu wasioweza kujiamulia nayo inataka imani na maadili ya mgonjwa yazingatiwe. Halafu kuna aina ya demensia inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hubadilisha hata hamu ya kula: mtu anaanza kupenda vitamu kupindukia, anakula bila kujizuia. Hapo anayeomba ni mama au ni ugonjwa?

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, nia yako naiheshimu ila siungi mkono. Sheria hiyo hiyo inataja matakwa na hisia za zamani na za sasa. Wewe umeshika nusu. Msomi wa sheria Rebecca Dresser alimpinga Dworkin mwaka 1995 akisisitiza hali ya mgonjwa kama alivyo sasa.

Nimemuuguza baba miaka sita. Alikuwa hatoki nje bila kunyoa ndevu. Ugonjwa ulipozidi, wembe ukawa unamtia hofu, anapiga kelele, anarusha mikono. Tulimshika watu wawili kila asubuhi ili abaki nadhifu kama tulivyomzoea. Siku moja alilia kama mtoto na nikaendelea kunyoa. Najuta mpaka leo.

Mleta mada: Pole sana ndugu yangu. Kutumia nguvu hapana, hilo nimekubali. Lakini naona tofauti. Baba yako angekaa na ndevu asingejiona ameisaliti dhamiri yake; kwa yule mama, nyama ni suala la dhamiri kabisa. Wala sisemi anyang'anywe kitu mkononi. Akalishwe mapema mahali pasipo na nyama, na chakula chake kiwe kitamu kweli, siyo mabaki ya wengine yaliyoondolewa nyama. Kinachoniuma ni kwamba mgonjwa anapopokelewa tunaandika dawa, uzito na presha, halafu alichokiamini maisha yake yote hakuna anayekiuliza.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni muuguzi. Hapo kwenye kuuliza umesema kweli. Ugonjwa ukiwa mwanzoni wengi bado wanaweza kujieleza wenyewe, ila familia zinaona kumuuliza ni kama kumtabiria mabaya, na muda unapita. Kwa mgonjwa wa aina hiyo ningefanya kama unavyosema, nimhamishe meza.

Sasa niambieni: kama nimechelewa, kipande ameshakila, na anatabasamu? Yeye nisingemwambia, ningemhuzunisha kwa jambo ambalo baada ya dakika tano halikumbuki. Lakini jioni binti yake akija akaniuliza mama amekula nini, nitamwambia ukweli. Akianza kulia, sijajua nitamjibu nini.