Gramu mbili na nusu zina eneo la kiwanja cha mpira? Wakuu, nimekwama mbele ya darasa

Mwl_Njegere:
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kemia kidato cha tano, shule ya serikali. Maabara ipo, modeli za molekuli hakuna. Huwa naloweka njegere kavu usiku, asubuhi vijana wanazichoma njiti za meno: njegere ni atomu, njiti ni bondi. Zinafaa kabisa, shida ni panya tu.

Jumatatu binti mmoja kaniuliza kuhusu Nobeli ya Kemia ya 2025. Kasoma kwenye simu ya mama yake kwamba Kitagawa, Robson na Yaghi wamepewa tuzo kwa unga ambao gramu chache tu zina eneo la kiwanja cha mpira. "Mwalimu, hilo eneo linakaa wapi?" Nikamwambia tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi kijacho ni kesho.

FundiMaabara:
Pole mkuu, hiyo "kipindi kijacho" naijua sana. Anza na kanga. Doti nzima ukiikunja inaingia mkobani, lakini eneo lake halijapungua hata inchi. Sasa unga huo umejengwa kwa viunzi vya metali na molekuli za kaboni, wenyewe wanaviita MOF. Viunzi hivyo havikukunjwa; ni vyumba vitupu vilivyopangana, na kuta zake ni nyembamba kiasi cha molekuli moja. Gesi inagusa ukuta huku na huku, hakuna tofali lililofichwa katikati. Siri yote iko hapo.

Hesabu: MOF-5 ya Yaghi, 1999, ilipimwa mita za mraba 2,900 kwa gramu. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 ni 7,140. Gawanya mwenyewe.

Halafu waambie imejengwa kwa nini. Kwenye pembe kuna vishada vya zinki na oksijeni, na vinavyoviunganisha ni asidi ya tereftaliki, hiyo hiyo inayotengenezewa plastiki ya chupa za maji.

dada_wa_almasi:
Shikamoo Mwalimu. Usisahau kumtaja Richard Robson, huyo ni mwenzio wa njegere. Mwaka 1974 pale Chuo Kikuu cha Melbourne alikuwa anaandaa modeli za mipira ya mbao kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mipira ilitakiwa itobolewe karakanani, na yeye ndiye wa kuonyesha kila tundu likae wapi. Alipoanza kuunganisha akagundua kwamba matundu yakikaa mahali pake, umbo la molekuli linakuja lenyewe. Akajiuliza: je, kwa molekuli za kweli?

Ilimchukua zaidi ya miaka 10 kulijaribu wazo lake. Alichukua ioni za shaba, ambazo hupenda kushikwa pande nne, akazipa molekuli yenye mikono minne. Mwaka 1989 akatangaza kiunzi kilichojipanga kama almasi, ila ndani kimejaa nafasi. Mie ningeanzia somo hapo, kanga baadaye.

Mzee_Bomba:
Huku kwetu bomba limekauka wiki ya pili, nyie mnahesabu vyumba vya unga. Unatusaidia nini huo?

FundiMaabara:
Mzee, hapo umegusa penyewe. Yaghi kazaliwa Amman, familia ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba haina umeme wala maji ya bomba. Watu wake wameijaribu MOF kwenye jangwa la Arizona: usiku inanyonya mvuke wa hewani, mchana jua linaipasha, inatema maji. Bado ni kidogo. Usiuze ndoo zako.

Mwl_Njegere:
Marahaba dada yangu. Mzee Bomba, pole, na sisi huku ni ndoo. Nimejenga mchemraba wa njegere nane hapa mezani, na swali limenijia mwenyewe: wakiondoa kimiminika kinachobaki kwenye hivyo vyumba baada ya kuvitengeneza, kuta hazianguki?

dada_wa_almasi:
Za Robson zilikuwa dhaifu, zilibomoka kirahisi. Kitagawa ndiye aliyeonyesha 1997 kwamba kiunzi kinaweza kukaushwa kikabaki wima, kisha kikanyonya methani, nitrojeni na oksijeni na kuziachia bila kuharibika. MOF-5 ikiwa tupu inavumilia hadi nyuzi joto 300. Adui yake ni unyevu, ukiiacha wazi inaoza taratibu. Kwa hiyo kazi ya maji jangwani wamewapa ndugu zake, wa zirkoni na wa alumini.

Mwl_Njegere:
Basi hapo zimefanana na njegere. Zikiwa mbichi za kulowekwa njiti inacheza, zikikauka zinaibana hadi uivunje. Kesho naingia na zilizokauka siku mbili. Panya wamenibakishia kama sitini.